UZI: Mashine zinakula kazi? Uliza kwanza nani amefunzwa

1/ Kila msimu wa kampeni mjadala wa viwanda ni ule ule. Mmoja anaahidi viwanda vya kisasa, mwingine anasema mashine zitakula kazi za watu. Wote wanaruka swali moja: mfanyakazi aliye kiwandani leo atafunzwa na nani, kwa pesa za nani? Twende polepole.

2/ Mimi nilishona kwenye kiwanda cha nguo miaka minne. Siku moja zikaletwa cherehani za kompyuta. Zinakata uzi zenyewe, na zikikwama zinaonyesha nambari ya hitilafu kwenye skrini. Mafunzo yalikuwa siku mbili, ya masupavaiza tu. Sisi tukaambiwa, "Mtazoea."

3/ Kulikuwa na dada aliyeshona hapo miaka 12. Kola zake hazikuwa na dosari. Lakini mashine mpya ikisimama, anainua mkono kungoja fundi. Oda zilipopungua, alikuwa kati ya wa kwanza kwenda nyumbani. Kushona alijua. Skrini hakuna aliyemfunza kuisoma.

4/ Sasa sheria. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inasema mwajiri akipunguza watu lazima aangalie muda waliokaa kazini, ujuzi, uwezo na kutegemeka kwao. Umeona hapo "ujuzi"? Basi mafunzo si zawadi ya bosi. Yanaamua nani abaki.

5/ Pesa je? Kuna ada ya mafunzo ya viwandani: Sh50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi. Anailipa mwajiri, haifai kukatwa kwa mshahara wako. Kiwanda cha watu 200 ni Sh120,000 kwa mwaka. NITA ndiyo inasimamia, na mwajiri akifunza watu wake kwa utaratibu uliokubaliwa, anaweza kuomba arudishiwe gharama.

6/ Tuseme ukweli: Sh600 kwa mwaka haziwezi kumfunza mtu kuendesha mashine ya kisasa. Na mwajiri ana hoja yake pia. Akufunze leo, kesho kiwanda jirani kikuongeze elfu mbili, uende. Ndiyo maana ada inalipwa na wote, ili anayefunza asiumie peke yake.

7/ Na wewe uliyejifunzia kazini bila cheti, kuna mitihani ya ufundi ya serikali, gredi ya tatu hadi ya kwanza. Hiyo karatasi ni yako, unaibeba hata kiwanda kikifungwa.

8/ Kwa hivyo mgombea akisema "viwanda", muulize haya matatu:
– Vibarua nao watafunzwa, ama ni walioandikwa pekee?
– Mafunzo yatakuwa saa za kazi, mshahara ukiendelea?
– Mfanyakazi atajuaje kama bosi wake ametumia ile pesa ya mafunzo?

Akianza kuzungumzia roboti bila kujibu, ujue bado yuko kwenye kampeni.

9/ Wewe kazini kwako mashine mpya ilipokuja, nani aliitwa kufunzwa? Niambie hapa chini.