Parklands: Maua Mengi, Chakula Kidogo cha Nyuki

Nyumba nyingi za zamani za Parklands jijini Nairobi, zile za chini zilizozungukwa na bustani pana, zimebomolewa kupisha maghorofa. Uwanja uliobaki umetandazwa kabro hadi ukutani. Pa kupanda ni ukanda mwembamba kando ya uzio na vyungu vichache kwenye roshani. Nafasi ikiwa ndogo kiasi hicho, uchaguzi wa ua unakuwa jambo zito, na kwa maoni yangu tunachagua vibaya: tunapanda cha kutazamwa, nyuki anabaki na njaa.

Bogenvilia ndiyo iliyotawala kuta za mtaa. Ile zambarau inayotuvutia si petali. Ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kijimrija cheupe kilicho katikati, chembamba na kirefu, na nyuki wa asali hupata taabu kuifikia nekta iliyo chini yake. Waridi lililojaa petali nalo lina kasoro yake. Wazalishaji wa mbegu wameongeza petali hizo kwa kuzipunguza stameni, yaani sehemu zinazotoa chavua. Nyuki hutafuta nekta ili apate nguvu, na chavua ili alishe watoto, kwa hiyo ua lisilo na hata kimoja kati ya hivyo kwake ni pambo tu. Ukienda kwa wauza miche kando ya barabara, litazame ua katikati: kama unga wa manjano uko wazi na petali ni safu moja, nunua.

Mmea ninaoupa nafasi ya kwanza tayari upo Parklands. Katika nyumba nyingi za Wahindu mtaani humu kuna tulsi, iliyopandwa karibu na mlango au uani na kumwagiliwa maji kwa ibada. Ni ndugu wa mrihani, ule ambao wanawake wa Mombasa na Lamu huutia kwenye vikuba pamoja na asmini. Yote miwili hutoa vishada vya maua madogo ambayo nyuki huyarudia siku nzima, na yote huridhika na chungu cha roshani. Tatizo ni kwamba tumezoea kuvikata vishada mapema ili majani yaendelee kuchipua. Kata nusu, acha nusu. Dhania nayo ikianza kuchanua usiing'oe. Iache hadi ikauke, upate na mbegu. Rosemari ikishashika mizizi haidai maji mengi na huchanua kwa muda mrefu. Panda mashina kadhaa ya aina moja pamoja, kwa sababu nyuki wa asali akitoka safari moja hupenda kushikilia ua la aina moja.

Nairobi hupata mvua mara mbili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Kinachoipima bustani ni kile inachokuwa nacho mvua ikikatika na mgao wa maji ukibana. Hapo mshubiri hauna mpinzani. Huhifadhi maji katika majani yake, na aina kadhaa za Kenya huchanua wakati wa kiangazi, zikawapa nyuki chavua na ndege chozi nekta. Nunua miche iliyooteshwa kwenye kitalu, usichimbe porini. Mishubiri ya porini iko chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES, na kuing'oa ni kuipunguza pale inapohitajika zaidi.

Nyuki wa asali si peke yake. Duniani kuna zaidi ya aina 20,000 za nyuki, na wengi huishi mmoja mmoja bila mzinga. Mwaka 2008 watafiti Barbara Gemmill-Herren na Alfred Ochieng walichapisha utafiti kuhusu uchavushaji wa biringanya nchini Kenya. Ua la biringanya hutoa chavua likitikiswa, na kazi hiyo hufanywa na nyuki wa mwituni, wakiwemo wale wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Nyuki wa asali haiwezi. Mwenye nafasi ya kichaka kimoja apande mbaazi, ambayo nyuki hao wakubwa huipenda, kisha amwachie nyuki gogo kavu la kutoboa na kipande cha udongo mtupu, kwa maana nyuki wengi wa mwituni huzaa ardhini.

Wazazi huhofia watoto kuumwa, na hofu hiyo ni halali. Nyuki wetu ni wakali. Lakini hulinda mzinga, si ua. Panda mbali na mlango na mahali watoto wanapochezea. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni dawa za wadudu. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya nje ya viuatilifu vitatu vya neonikotinoidi, imidakloprid ikiwemo, kwa sababu ya madhara kwa nyuki. Dawa za aina hii huingia ndani ya mmea hadi kwenye chavua. Muulize muuza miche alinyunyizia nini kabla ya kulipa.

Msitu wa asili wa City Park uko hapa hapa kando ya Barabara ya Limuru, na nyuki wanaotoka humo hukutana kwanza na kuta zetu. Kamati za maghorofa, mkandarasi atakapokuja tena na kabro, mwambieni aache ukanda wa mita moja wa udongo kando ya uzio, mpande mshubiri na mrihani.