Mwanga Unaoficha: Namna Wanyama wa Kilindini Wanavyokifuta Kivuli Chao

Katika tabaka la bahari lililo kati ya mita 200 na 1,000, ambako nuru ya jua hufika ikiwa hafifu mno kuweza kukuza mimea, mnyama hana jabali wala mwani wa kujibanza, na hatari kubwa humjia kutoka chini, kwa kuwa mwindaji atazamaye juu humwona kama kivuli cheusi kilichokatiza buluu ya maji. Samaki, ngisi na kamba wengi wa huko hukifuta kivuli hicho kwa kuyawasha matumbo yao. Uwezo huo, uitwao bayoluminesensi, hutokana na mmenyuko wa kikemikali ambamo dutu ya lusiferini huungana na oksijeni kwa msaada wa kimeng'enya kiitwacho lusiferasi.

Kuwaka peke yake hakutoshi, kwani mwanga ukizidi nuru itokayo juu mnyama hujianika, na ukipungua kivuli hubaki. Samaki-shoka wa jenasi ya Argyropelecus amelitatua tatizo hili kwa ustadi wa kustaajabisha: fotofori zake, yaani viungo vya kutolea mwanga, huelekea chini, zikiwa na vichujio vinavyozuia rangi zisizolingana na buluu ya bahari, pamoja na viakisi vinavyoufanya mwanga uwe mkali upande wa chini na hafifu pembeni, kama nuru ya jua yenyewe inavyosambaa majini. Ulinganifu huo ulipimwa na Eric Denton na wenzake, waliochapisha matokeo yao mwaka 1972.

Ushahidi ulio wazi zaidi ulitoka kwa ngisi hai. Mwaka 1976 Richard Young na Clyde Roper walieleza jinsi ngisi waliowekwa chini ya taa walivyowasha fotofori zao na kuurekebisha ukali wa mwanga kulingana na taa hiyo, hata maumbo yao yakawa magumu kuonekana. Utafiti uliofuata, wa mwaka 1980, ulionyesha jambo la ajabu zaidi, kwamba ngisi fulani hubadili hata rangi ya mwanga wao kwa kufuata jotoridi la maji, kwa maana usiku hupanda kwenye maji yenye joto, ambako nuru ya mwezi haifanani na buluu ya kilindini.

Hata hivyo, wapo wawindaji wenye lenzi za manjano machoni, ambazo huwasaidia kuutofautisha mwanga wa mnyama na nuru ya juu, na hivyo kumwona windo aliyedhaniwa kuwa amejificha.