COMET: GARI LILILOKIMBIA MAILI LAKI MOJA LIKASHINDWA NA MATOPE

Siku za Pasaka ya mwaka 1964, magari sita ya saluni yaliyotoka Marekani yaliondoka Nairobi kushindana katika Safari ya Afrika Mashariki. Yaliitwa Mercury Comet. Injini zake zilikuwa na silinda nane na ujazo wa lita 4.7, na fundi aliyeyaandaa, Bill Stroppe wa California, alikuwa na sifa kubwa nchini mwake. Miezi michache tu kabla ya hapo, magari ya jina hilo hilo yalikuwa yamekimbia maili 100,000 katika uwanja wa Daytona, jimbo la Florida. Lakini mashindano ya Nairobi yalipokwisha, kati ya Comet sita ni mawili tu yaliyofika mwisho, moja likiwa la 18 na jingine la 21. Ushindi ulichukuliwa na Peter Hughes na Bill Young, waliokuwa katika Ford Cortina GT, gari dogo la lita 1.5.

Askari ambaye hajapata kuliona Comet huenda akauliza habari hii ya zamani inamhusu nini. Jibu analo kila dereva anayepakia abiria katika makazi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilaya ya Dowa nchini Malawi, na kuwapeleka Lilongwe, safari ya kati ya kilomita 40 na 50. Naye huulizwa na wanunuzi na abiria swali lile lile waliloulizwa Wamarekani: gari hili limekwenda maili ngapi? Swali hilo ndilo lililowapotosha wenye Comet, na linaendelea kuwapotosha watu hadi leo.

ASILI YA COMET

Comet lilizaliwa yatima. Kampuni ya Ford ilikuwa imelianzisha jina jipya la magari, Edsel, mwezi Septemba 1957, kwa matangazo makubwa mno. Wanunuzi wakayakataa, na mwezi Novemba 1959 utengenezaji wake ukasimamishwa. Wakati huo gari dogo lililokusudiwa kuwa la ukoo wa Edsel lilikuwa limekwisha kuchorwa. Ford haikulitupa. Mwezi Machi 1960 lilitolewa kwa jina la Comet tu, likauzwa katika maduka ya magari ya Lincoln na Mercury, na halikuitwa rasmi Mercury hadi mwaka 1962. Taa zake za nyuma zilizolala upande ni urithi wa Edsel uliobaki wazi machoni pa kila aliyejua kisa hicho.

Chini ya bodi, Comet lilikuwa ndugu wa Ford Falcon. Lilirefushwa kidogo, inchi 114 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma badala ya 109.5, ili lionekane la kiungwana zaidi. Injini ya kwanza ilikuwa ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 2.4, baadaye ikaja ya lita 2.8. Zilikuwa injini za watu wa kawaida: mtu na mkewe wakienda dukani au kanisani. Injini ya silinda nane iliingizwa mwaka 1963 kwa sababu biashara ilidai nguvu, nayo ikawekwa katika chumba kilichopimwa kwa ajili ya silinda sita. Jina la Comet liliendelea, kwa sura mbalimbali, hadi mwaka 1977.

Katika majira ya vuli ya mwaka 1963 magari manne ya Comet yalizungushwa Daytona usiku na mchana kwa muda wa siku 40 hivi, kwa mwendo wa wastani uliozidi maili 105 kwa saa. Lilikuwa tendo la kweli na la kushangaza, wala hatuna haja ya kulidharau. Lakini mtu anayejua injini ataona mara moja kilichofichika ndani yake. Injini huliwa zaidi na kuwashwa ikiwa baridi kuliko kukimbia ikiwa na moto wake wa kawaida. Wakati wa kuwashwa oili bado haijapanda, na vyuma husuguana vikiwa vikavu. Gari lisilozimwa kwa siku 40 huikwepa adhabu hiyo karibu yote. Uwanja ule ni wa lami, hauna shimo wala vumbi, na upo usawa wa bahari. Upepo wa mwendo wa maili 105 huipoza rejeta kuliko feni yoyote. Breki hazina kazi kubwa. Kwa ufupi, maili zile 100,000 zilikuwa maili za raha.

Safari ya Afrika Mashariki ilikuwa shule ya namna nyingine kabisa. Mashindano hayo yalianzishwa mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, na zama zile yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 magari saba tu yalimaliza. Mwaka 1964 mvua ilinyesha kwa wingi, njia zikawa uji, na waliofika mwisho walikuwa 21. Ukubwa wa injini una faida gani katika matope yanayofika kwenye ekseli? Gari zito huzama, na nguvu ya ziada hulichimbia kaburi.

MAGONJWA YAKE

Mafundi waliolijua Comet na ndugu yake Falcon huanza na sehemu ya mbele. Gari hili halina chesisi ya peke yake; bodi yote ndiyo chesisi. Tena springi ya mbele haikukalia mkono wa chini, kama ilivyokuwa katika magari mengi ya Marekani ya wakati huo, bali ilikalia mkono wa juu, na kichwa chake kikaegemea mnara wa bati uliochomelewa katika ukuta wa chumba cha injini. Kila shimo lilipigwa na gurudumu, na pigo likapanda moja kwa moja hadi kwenye bati. Katika njia mbaya mnara huo huanza kupasuka penye maungio. Bushi za mkono wa juu nazo hukauka na kulia kama mlango wa ghala. Watu wengi huzoea mlio huo wakadhani ni tabia ya gari. Ni kilio, gurudumu limeanza kukaa upande, mpira unalika ukingo mmoja, na usukani unavuta.

Ugonjwa wa pili ni joto. Silinda nane zilizobanwa katika chumba chembamba huhitaji rejeta safi, nayo rejeta ikijaa matope katika mapezi yake hewa haipiti hata kama maji yamejaa. Pampu ya petroli ilikuwa ubavuni mwa injini yenyewe, hivyo siku ya jua kali petroli huweza kuchemka ndani ya bomba kabla ya kufika kwenye kabureta, na gari likazima ghafla bila kosa linaloonekana. Madereva wa zamani walifunga kitambaa chenye maji juu ya pampu na bomba, wakangoja, wakaondoka. Aidha, kabureta iliyopimwa pwani ya Florida hulisha petroli kupita kiasi inapofika nyanda za juu za Kenya, mahali ambapo hewa ni nyepesi. Injini hutoa moshi mweusi na kupoteza nguvu mlimani.

Kutu ilikuwa na mlango wake wa siri. Chini ya kioo cha mbele kuna mfereji wa kuingizia hewa, nao hujaa majani na uchafu, ukaoza. Mwenye gari huona maji miguuni pake wakati wa mvua, akalaumu mpira wa mlango. Maji hayo yanatoka juu.

Lakini jambo lililopaswa kumtia hofu mwenye Comet kuliko yote ni breki. Zilikuwa za ngoma katika magurudumu yote manne, na magari ya miaka hiyo yalikuwa na njia moja tu ya oili ya breki. Mpira mmoja ukipasuka, au silinda moja ya gurudumu ikivuja, pedali hushuka hadi sakafuni na gari zima likawa halina breki isipokuwa ya mkono. Ford ilianza kuweka masta silinda yenye njia mbili katika magari yake ya Marekani ya mwaka 1967. Ngoma zikiingia maji au zikipata moto katika mteremko mrefu, nguvu yake hupungua hata kama hakuna kilichovuja.

Mmoja wa walioyaendesha magari hayo mwaka 1964 alikuwa Joginder Singh, Singasinga wa Kenya, fundi kabla ya kuwa dereva mashuhuri. Ndiye aliyelifikisha mwisho Comet lililokuwa la 21. Mwaka uliofuata hakutafuta injini kubwa zaidi. Alichukua Volvo PV544, gari la mkono wa pili ambalo lilikwisha kushiriki Safari ya mwaka 1964 likiwa mikononi mwa wengine, akalifungua na kuliunda upya, akashinda pamoja na ndugu yake Jaswant. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976. Kwangu mimi, kitendo chake cha kulifungua gari lililotumika na kulitazama kipande kwa kipande kina uzito kuliko siku zote 40 za Daytona.

DZALEKA HADI LILONGWE

Dzaleka ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Rais Kamuzu Banda. Tangu mwaka 1994 ni makazi ya wakimbizi. Yalikusudiwa watu wapatao 10,000, na sasa yana zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, wengine Burundi na Rwanda. Kwa hiyo Kiswahili husikika pale sokoni kama kinavyosikika Uvira au Bujumbura. Makazi yana zahanati, lakini mgonjwa aliyezidiwa hupelekwa hospitali ya wilaya, Dowa, au Hospitali Kuu ya Kamuzu mjini Lilongwe. Mtu asiye na usafiri wake hutegemea basi dogo, matola, au saluni iliyotumika Japani kabla ya kuletwa Malawi.

Saluni hizo ni Toyota, Nissan na Mazda, wala si Comet, na usukani wake uko kulia kama sheria ya Malawi inavyotaka. Hata hivyo ukifungua boneti ya Corolla utakuta jambo la kukumbusha. Nayo haina chesisi ya peke yake. Springi na shokomzoba ya mbele zimeungana, na kichwa chake kinaegemea mnara wa bodi, pigo likipanda pale pale lilipopanda katika Comet. Saa ya maili inaweza kuonyesha idadi ndogo ya kupendeza, iliyopatikana katika lami laini ya Japani. Haisemi lolote juu ya miaka miwili ya njia za vumbi, wala juu ya watu wanane waliopakiwa katika viti vya watano. Watu wanane wa kilo 70 ni kilo 560, kabla ya kuhesabu magunia ya mahindi yaliyo nyuma.

Tena kuna petroli. Kati ya mwaka 2022 na 2025 Malawi ilipatwa na uhaba wa mafuta mara kwa mara, watu wakanunua katika madumu kando ya njia. Petroli ya dumu huja na maji na mchanga. Mashine za siku hizi hazina kabureta. Zina sindano nyembamba za kunyunyizia mafuta, ambazo huziba upesi kuliko kabureta ya mwaka 1964, na haziponywi kwa kupulizwa kwa mdomo.

Askari wa barabarani asimamishapo gari la namna hii huwa na dakika tano, na dakika hizo mara nyingi huishia katika leseni, bima na hati ya ubora wa gari. Hati husema gari lilikuwaje siku ile ya ukaguzi. Macho yatazame kwanza mipira ya mbele: ikiwa imelika ukingo mmoja, bushi au boljointi zimechoka, haidhuru gari limepakwa rangi vizuri namna gani. Kisha lisukumwe kona ya mbele kwa nguvu na kuachiwa. Likiendelea kucheza juu na chini zaidi ya mara moja au mbili, shokomzoba zimekufa. Ndani ya magurudumu pachunguzwe kama pana unyevu wa oili. Mwisho, dereva aambiwe akanyage breki kwa nguvu injini ikiwa inanguruma, asiachie, huku askari akihesabu polepole hadi 30. Pedali ikisimama imara, aende zake. Ikizidi kuzama chini ya mguu, masta silinda inavuja kwa ndani ingawa hakuna tone chini, na abiria washushwe hapo hapo, mgonjwa akitafutiwa gari jingine kabla ya mtu mwingine yeyote.