Barua Iliyokatwa Vipande: Kuwafundisha Watoto Intaneti

Jumapili tarehe 12 Mei, 2024, watu wengi katika Tanzania walishika simu zao wakaona hazileti habari. Picha hazikufunguka. Ujumbe haukwenda. Wengine walizima simu na kuiwasha tena. Wengine walidhani salio limeliwa.

Simu zilikuwa nzima. Salio nalo lilikuwapo. Kilichoharibika kilikuwa mbali sana, chini ya bahari, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Huko mikongo miwili ilikuwa imekatika.

Ndugu msomaji, ukiwauliza watu intaneti inatoka wapi, wengi huinua kidole juu. Husema inatoka kwenye setilaiti. Setilaiti zipo, na zinafanya kazi. Lakini habari nyingi zinazotoka nchi moja kwenda nyingine hupita chini ya bahari. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009. Mwaka uliofuata ukaja wa EASSy, wenye urefu wa kilomita 10,000 hivi, kutoka Sudan mpaka Afrika Kusini. Hii ndiyo mikongo miwili iliyokatika.

Ndani ya mkongo mna nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele. Habari hupita humo kwa mwanga unaowaka na kuzimika haraka sana. Mwanga huo huenda kilomita 200,000 hivi kwa sekunde moja. Ungeweza kutoka Sudan mpaka Afrika Kusini kabla hujapepesa jicho.

Watoto wetu wanasoma habari hizi shuleni. Shule nyingi za vijijini hazina kompyuta, na walimu wengine huona kwamba somo hili haliwezekani. Linawezekana. Karatasi, kalamu na watoto wenyewe vinatosha.

Mwalimu aandike barua fupi: "Mama, nimefika salama. Naomba daftari na sabuni." Kisha aikate vipande sita. Kila kipande kiandikwe namba yake, jina la anayepeleka na jina la anayepelekewa. Juma akae nyuma ya darasa, Asha akae mbele. Watoto walio katikati ni mitambo ya njia panda. Kila mmoja akipokea kipande asome jina la anayepelekewa, halafu ampe jirani aliye karibu zaidi na Asha. Yeye haulizi barua inasema nini.

Utaona vipande vinapita njia mbalimbali. Cha tano huenda kikafika kabla ya cha pili. Si kitu. Asha anavipanga kwa namba, kisha anasoma.

Sasa mwalimu amnong'oneze mtoto mmoja afiche kipande cha nne. Asha atapata vitano tu. Atarudisha karatasi kusema, "Namba 4 sijaipata." Juma, ambaye ameweka nakala ya kila kipande, atapeleka nyingine. Hivyo ndivyo intaneti inavyofanya kazi. Picha ya mjukuu inayotoka mjini hukatwa vipande mamia, na simu yako huviunga. Ukiona picha inakuja polepole, huenda simu bado inangoja vipande au inaomba vilivyopotea.

Watoto hupenda sana sehemu inayofuata. Mwalimu awaambie watoto wa mstari mmoja wasimame watoke nje. Njia imekatika. Vipande havirudi nyuma kulia, bali hutafuta mstari mwingine. Lakini mstari huo sasa una kazi mara mbili, na karatasi zinarundikana mikononi. Ndivyo ilivyokuwa Mei 2024. Njia zilizobaki zilijaa, kwa hiyo mambo yakaenda kwa taabu. Mkongo ukikatika hupelekwa meli maalumu. Mafundi huinua ncha zake kutoka chini ya bahari na kuziunga tena, na kazi hiyo huchukua siku nyingi.

Mpango huu wa vipande ulianza Marekani. Tarehe 29 Oktoba, 1969, kompyuta ya chuo kikuu kimoja cha Los Angeles ilipeleka neno kwa kompyuta ya Stanford. Neno lilikuwa "login". Herufi mbili tu, "l" na "o", zilifika, kisha mtambo ukazimika. Baadaye wataalamu wawili, Vint Cerf na Bob Kahn, walitunga taratibu za kuziwezesha kompyuta za kila aina kusikilizana. Taratibu hizo zilianza kutumika rasmi tarehe 1 Januari, 1983, na zinatumika hata leo.

Tusisahau jambo moja katika mchezo wetu. Karatasi zile zilikuwa wazi. Mtoto yeyote wa katikati angeweza kuzisoma. Kwa sababu hiyo siku hizi habari nyingi hufungwa kwa maandishi ya siri kabla ya kupelekwa. Alama yake katika baadhi ya simu ni kufuli dogo karibu na anwani. Lakini kufuli linalinda njia tu. Halisemi kama huyo unayemwandikia ni mtu mwema. Tapeli naye anaweza kuwa na kufuli.

Hapa kusoma kwako kunakuwa na faida kubwa. Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne hutolewa na Baraza la Mitihani katika intaneti. Maombi ya mkopo wa chuo nayo hufanywa huko. Wazazi wengi humpa mtu simu au fedha, wakangoja kuambiwa. Wewe itazame anwani mwenyewe. Anwani ya Baraza ni necta.go.tz. Herufi "go.tz" ni za ofisi za Serikali ya Tanzania. Soma mpaka mwisho wa jina, kabla ya mkwaju wa kwanza. Ukikuta neno "necta" mwanzoni, lakini mwisho si ".go.tz", hapo si kwenye Baraza. Usiandike namba ya siri wala usilipe kitu. Mwite mwanao naye asome, kisha mlinganishe herufi moja moja.