Konje ya bwana na bibi: kula Dar es Salaam kwa feza kidogo

Wewe unayekaa Kolwezi, Likasi ao Kipushi, umeona mara ngapi malori ya shaba yakipanga mulolongo pale Kasumbalesa? Mengi yanakwenda bandari ya Dar es Salaam. Shaba yetu inaijua njia ile vizuri. Bwana na bibi wa kwetu hawaijui.

Kwetu, konje ni ya baba. Anakwenda mugini peke yake, ao anakaa na wenzake mbele ya chupa. Mama hana konje. Asubuhi anawasha makala, mangaribi anasonga bukari. Mama wangapi wamemaliza miaka 20 ya ndoa bila kula juma moja chakula kilichopikwa na mutu mwingine? Basi safari tunayosema hapa haitafuti hoteli kubwa wala picha. Kazi yake ni moja: mama akae, apakuliwe.

Wengine watasema ni upotevu, watoto wanangoja minerval. Wana haki. Feza ya masomo itoke kwanza, isiguswe. Lakini wewe baba, hesabu chupa za mwaka mmoja, tangu siku ya mushahara mpaka nyingine, halafu tuzungumze.

Mukae meza moja, ninyi wawili, na bahasha nne: njia, kulala, chakula, kurudi. Ile ya kurudi mama aichunge, na baba asiulize iko wapi. Basi zinapita Zambia mpaka Nakonde, munavuka Tunduma, halafu Tanzania yote iko mbele yenu. Ni siku kadhaa za kukaa kitako, musijidanganye. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini pasipoti inatakiwa, na karti ya chanjo ya homa ya manjano pia. Habari ya visa, muulize mbele ya kununua tikiti. Musibadilishe feza mupakani kwa vijana wanaokimbilia basi. Kwa kulala, mutafute nyumba za wageni za makanisa ao gesti ndogo yenye chandarua. Bahasha inayostahili kunona ni ile ya chakula.

Sasa tule. Asubuhi Dar inakunywa supu ya nyama na chapati, ao chai ya tangawizi na vitumbua. Saa sita mutafute mama lishe. Ni mama mwenye masufuria, benchi na ndoo ya kunawa, na wateja wake ni wafanya kazi. Wengine wanamuita mama ntilie, maana yake mama, nitilie chakula. Kama ni mukubwa kwako, musalimie shikamoo. Jambo sana yetu anaielewa, lakini shikamoo inamfurahisha. Uliza bei mbele ya kukaa. Sombe hapa inaitwa kisamvu, na wanaipika na tui la nazi. Lengalenga ni mchicha. Bukari ni ugali, na mama akiugusa kwa kidole atakuwa na neno la kusema. Mumwache aseme! Ni furaha yake kuhukumu upishi wa wengine.

Mununue sahani moja, mule wawili, halafu mwende kwa mwingine. Ndiyo siri ya watu wenye feza kidogo: wanaonja vingi. Kariakoo mutapata karibu kila kitu kwa njia hiyo. Jina lenyewe lina historia: linatoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita ya 1914-1918. Wazee wetu pia walibeba mizigo vitani, upande wa Wabeleji.

Siku moja muamke mapema, mwende soko la samaki la Feri, karibu na kivuko cha Kigamboni. Wavuvi wanaleta samaki, wanauza kwa munada, na pembeni kuna watu wa kukaanga ndani ya makarai makubwa. Sisi tuliozoea samaki ya chumvi na kapenta, samaki aliyetoka baharini asubuhi ile ni kitu kingine kabisa. Mule kwa mikono, mupande kivuko, muone bahari. Nauli yake ni ndogo.

Kitu cha kuangalia: kama ni mwezi wa Ramadhani, mchana vibanda vingi vinafungwa, na si heshima kutafuna barabarani mbele ya waliofunga. Mungoje mangaribi, mihogo na ndizi za nazi za kufuturu zinatosha kulipa njaa ya mchana. Siku zote mule chakula cha moto, mukunywe maji ya chupa, na kachumbari ya barabarani muiache.

Usiku kuna mishkaki, kahawa chungu na kashata ya karanga, na kuna pweza. Ni nyama ya bahari yenye mikono nane, inachemshwa, inakatwa vipande vidogo, unachovya ndani ya pilipili. Mama atageuza uso, karibu tunaahidi. Bei ni ya kipande, basi baba anunue kimoja tu, aanze yeye, na asiseme neno. Kama mama akinyoosha mukono, anunue cha pili.