Siku 14 Unazozihesabu Si Zako

"Nitoe preavi ya siku ngapi?" Preavi ni taarifa ya mapema ya kumaliza kazi. Hapa mjini Baraka, Kongo, naulizwa hivyo karibu kila wiki, na karibu kila anayeuliza amekuja na jibu lake mkononi: siku 14. Kaambiwa na mwenzake, naye mwenzake kaambiwa na dereva wa shirika. Wa mwisho kuniuliza alikuwa nesi aliyeteremka kutoka milima ya Minembwe, mkataba wake ameukunja mara nne ndani ya kitabu cha maombi. Mkataba wa miezi 12. Amefanya mitano na hawezi tena. Mkuu wa kituo anamtukana mbele ya wagonjwa, na zamu zake za usiku hazihesabiwi. Barua alikuwa ameshaiandika, na tarehe ya kuondoka ameipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Nikamwomba asiipeleke.

Ndugu zangu, mkataba wa muda maalum, huo tunaouita CDD, hauna preavi. Unakwisha siku iliyoandikwa kwamba utakwisha. Preavi mnayoisikia imo katika kifungu cha 64 cha Sheria ya Kazi ya Kongo, ile namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, na kifungu hicho kinahusu mkataba usio na kikomo, CDI. Kuchukua siku za CDI ukazitia kwenye CDD ni sawa na kumeza dawa ya jirani kwa sababu nyote mnaumwa kichwa.

Tena hata kwenye CDI hizo siku 14 zinasomwa vibaya. Kwanza ni siku za kazi, Jumapili haimo. Pili ni za mwajiri anapomwachisha mtu, na kwa kila mwaka uliotimia anaongeza siku 7. Mfanyakazi anayeondoka kwa hiari yake anatoa nusu ya hizo. Ambaye hajatimiza mwaka, mwajiri angempa 14; yeye anatoa 7. Aliyetimiza miaka 2, mwajiri angempa 28. Yeye anatoa 14. Basi hiyo namba inayozunguka kutoka Fizi hadi Minembwe ni ya mtu mmoja: mwenye CDI aliyetimiza miaka 2 na hajafika 3. Nesi wa miezi mitano hana sehemu hapo.

Ukipeleka barua ya siku 14 kwenye CDD kisha ukaondoka, umevunja mkataba, na ushahidi umeuandika mwenyewe, ukausaini. Mwajiri anaweza kudai fidia. Akivunja yeye, sheria inamlipisha mishahara na marupurupu yote ya muda uliobaki. Uzito huo huo wa tarehe ya mwisho ndio unaokubana na wewe. Niliyoyaona mara nyingi zaidi hayafiki hata kwa hakimu: hesabu ya mwisho inazuiwa, na mtu anazunguka miezi akidai mshahara ambao kweli aliufanyia kazi.

Wapo wanaoshauri kinyume: toroka tu, huko juu hakuna mtandao, nani atakufuata? Hapo ndipo uvumilivu wangu unapoishia. Nimeona kijana mzuri wa kazi akiteremka usiku na pikipiki ya mradi, kesho yake kesi ya kazi ikageuka kesi ya jinai. Kuacha kazi hakumfungi mtu. Kukaa na mali uliyokabidhiwa kunaweza kumfunga. Wengine wanashauri ununue karatasi ya daktari ili uonekane mgonjwa; huo ni uongo unaombebesha lawama na daktari.

Swali la kuuliza ni hili: je, nilicho nacho ni CDD kweli? Hakuna maandishi? Sheria inauhesabu kuwa CDI mpaka ithibitishwe vingine. Kwa mwajiri yule yule huu ni mkataba wa tatu, na kazi si ya msimu wala ya mradi mahsusi? Umeshakuwa CDI. Mkataba umepita miaka 2? Vivyo hivyo. Na hiki wengi wa Minembwe hawakijui: mtu wa ndoa aliyetenganishwa na familia yake hafungwi kwa CDD ya zaidi ya mwaka 1. Kama mke na watoto wako Baraka, wewe uko milimani, na ulisaini miezi 18, mkataba huo unaendeshwa kama CDI, na hapo ile nusu ya preavi inakuwa yako.

Kama ni CDD halali, njia zipo. Soma kama mkataba wenyewe una kifungu cha kutoka mapema. Kikiwepo, kifuate neno kwa neno. Kisipokuwepo, omba makubaliano: pande mbili zinaweza kuumaliza mkataba wakati wowote kwa maandishi yaliyosainiwa na wote. Pendekeza tarehe, taja anayeweza kushika nafasi yako, usimwage hasira kwenye barua. Kosa zito la mwajiri, kama matusi makubwa, unyanyasaji, au hatari kwa afya na usalama ambayo hukuweza kuijua ulipoajiriwa, linakuruhusu kuondoka bila kungoja. Lakini liandikie barua ndani ya siku 15 za kazi tangu ulijue. Usitegemee neno "vita" peke yake: ulisaini ukijua Minembwe ina mapigano, na mwajiri atakuuliza hilo kwanza. Nesi wangu alikuwa na matusi yenye tarehe na mashahidi, na kwa hayo tuliandika barua nyingine.

Barua iwe nakala mbili, yako irudi na saini na tarehe ya aliyeipokea. Akikataa, peleka mbele ya mashahidi wawili. Kabidhi funguo, dawa, simu na pikipiki kwa orodha iliyosainiwa. Dai mshahara, likizo ambayo hukuichukua, na cheti cha kazi, ambacho kinatakiwa ndani ya siku 2 za kazi. Ukizungushwa, nenda kwa mkaguzi wa kazi mapema, maana dai la mshahara linakufa baada ya mwaka 1. Cheti hicho kinataja aina ya kazi, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza na namba yako ya hifadhi ya jamii. Wakiongeza "aliondoka vibaya", wamekiuka sheria: kirudishe, udai kingine.