Sura ya Nne: Mazoea Yanakaa Wapi

Kila mwaka, wiki ya tatu au ya nne baada ya chuo kufunguliwa, huja ofisini kwangu vijana wawili watatu wenye huzuni ya aina moja. Walianza tabia mpya: kuamka alfajiri, kukimbia, kusoma kurasa kumi kabla ya kulala, kuacha soda. Wamehesabu siku 21 kwa uaminifu, wengine kwa alama za kalamu ukutani. Siku ya 22 kengele imelia na kitanda kimekuwa kitamu vilevile. Mmoja aliniuliza, machozi yakimlengalenga, kama kuna watu waliozaliwa bila nidhamu.

Hapana. Kijana yule alipewa namba mbovu, na kwa kuwa namba hiyo imewakatisha tamaa wengi niliowafundisha, nitaifukua mpaka mzizi wake.

Maxwell Maltz alikuwa daktari wa New York aliyefanya upasuaji wa kurekebisha sura. Mwaka 1960 alitoa kitabu kiitwacho Psycho-Cybernetics, kilichouzwa mamilioni ya nakala. Humo alieleza kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura yao mpya kwenye kioo, na kwamba aliyekatwa mguu au mkono huchukua muda kama huo kabla hajaacha kuhisi kwamba kiungo bado kipo. Asili yote ya siku 21 ni hiyo: daktari mmoja, wagonjwa wake, na kuzoea pua. Hakumpima mtu yeyote anayejifunza kuamka mapema. Na alisema "angalau". Neno hilo likadondoka njiani, kutoka kitabuni hadi semina, kutoka semina hadi video za simu, na leo kijana wa mwaka wa kwanza anaitaja siku ya 21 kama vile ilishuka na maandiko.

Waliokaa chini wakapima kweli ni Phillippa Lally na wenzake wa University College London, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2010. Waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12. Kila mmoja alichagua jambo moja dogo, kama kula tunda wakati wa chakula cha mchana au kukimbia kabla ya chakula cha jioni, kwa sharti kwamba jambo hilo lifungwe kwenye tukio la kila siku. Kisha kila siku walijibu maswali yanayopima jambo limefikia wapi katika kujiendesha lenyewe bila kufikiriwa. Ukiwapanga kuanzia mwepesi hadi mzito, wa katikati alihitaji siku 66. Mwepesi kuliko wote alihitaji 18. Kwa mzito kuliko wote makadirio yalifika 254, zaidi ya miezi minane. Waliochagua kunywa au kula walizoea mapema kuliko waliochagua mazoezi ya mwili.

Mambo mawili ya utafiti huo husahaulika, nami nayapenda kuliko hiyo 66. Kwanza, mchoro wa mazoea hupanda kwa kasi siku za mwanzo, halafu hulegea, kama mtu anayepanda kilima na kukuta juu ni tambarare. Siku za mwanzo ndizo zenye faida kubwa. Pili, kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Yule kijana wa alama ukutani alirudi sifuri kila alipokosa, akaanza kuhesabu upya. Hakuna aliyepaswa kumwambia afanye hivyo.

Namba sasa tuiache. Kosa kubwa zaidi ni imani kwamba tabia inakaa moyoni, kwamba mtu akitaka kwa nguvu ya kutosha atabadilika. Wasemaji wa hamasa wanaishi kwa imani hiyo. Wanajaza kumbi, wanawafanya vijana wapige kelele kwamba wanaweza, halafu wanawarudisha kwenye chumba kilekile, kitanda kilekile, simu ileile chini ya mto. Mwaka 2005 Wendy Wood na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti juu ya wanafunzi waliohama chuo kimoja kwenda kingine. Walitazama mazoezi, kusoma gazeti na kutazama televisheni. Pale ambapo mahali na mazingira ya kufanyia jambo yalibaki yakifanana, mazoea yalihama na mwanafunzi. Pale yalipobadilika, mazoea yalikatika, na hapo ndipo nia yake ilipopata nafasi ya kuamua. Ninachowaeleza wanafunzi wangu kutokana na hayo ni kwamba mazoea yana anwani. Yanakaa mahali fulani, saa fulani, mbele ya watu fulani.

Nilipanga sura hii iende kwa mpangilio huo: mahali, saa, watu. Mfano wangu ni binti mmoja wa mwaka wa pili, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyekwenda fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, Bariadi mkoani Simiyu kwa wiki nane.

Kabla hajaondoka, ndugu zake walimtisha. Simiyu? Huko si kwa wachawi? Nilikasirika, na bado nakasirika. Mkoa huu ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa, kwa sehemu kubwa, kutoka Shinyanga, una wilaya tano, na unatangulia nchini kwa kulima pamba. Lakini katika ukanda huu wa Usukumani bibi vizee wameuawa kwa kuwa macho yao ni mekundu. Macho yale yametiwa wekundu na moshi wa miaka hamsini ya kupikia kuni na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, ndani ya jiko lisilo na dirisha. Kila anayesafirisha mzaha wa uchawi wa Usukumani anaongeza kuni kwenye moto uliokwisha kuua watu. Binti alikwenda, na mwezi wa saba mimi nikamfuata kama msimamizi wake.

Ukitoka Mwanza unapita Magu, unafika Lamadi, unaliacha ziwa nyuma na kuingia nchi ya Wanyantuzu, Wasukuma wa Bariadi. Nilifika Jumamosi. Ofisini hakuna mtu, nikaelekezwa shambani, pembeni ya mji. Nilimkuta ameinama katikati ya mistari ya pamba na familia ya mama mwenye nyumba wake (yeye humwita mayu), kanga kiunoni, mifuko miwili ikining'inia. Aliponiona alipiga goti kidogo, akanisalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, baba." Mama mwenye nyumba akacheka kwa furaha, kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake amefaulu mbele ya mkaguzi.

Ile mifuko miwili ndiyo iliyonishika. Mmoja ni wa pamba safi, mwingine wa pamba fifi. Tumba likishapasuka, nyuzi hukaa katika vyumba vinne au vitano. Unazishika kwa ncha za vidole na kuzivuta zote mara moja, bila kung'oa vikonyo wala majani makavu, maana jani likishasagika ndani ya nyuzi halitoki. Yenye madoa ya njano, yaliyoachwa na kangambili aliyefyonza mbegu, inakwenda kwenye mfuko wa fifi. Hayo yote yanaamuliwa chini ya sekunde moja. Siku ya kwanza binti aliamua kila tumba kwa kulitazama, akafikisha kilo nane jua linazama. Nilipofika ilikuwa wiki yake ya tano, na alikuwa akizungumza nami juu ya ripoti yake huku mikono ikigawa safi na fifi yenyewe. Siku ile alipima kilo 24. Ukitaka kuona mazoea kwa macho, tazama mikono ile.

Na asubuhi zake? Chuoni alikuwa mtu wa kuamka saa tatu, na vimbweta vya kusomea vya nje ya hosteli yao aliviona vikiwa vimekwisha kujaa. Bariadi aliamka saa kumi na moja. Nilimuuliza alitumia mbinu gani, akaduwaa kidogo, kwa sababu hakutumia yoyote. Saa hiyo ufagio ulianza kukwaruza uwanja chini ya dirisha lake. Baada ya kufagia, wanawake walikaa kumenya viazi vitamu na kuvikata vipande vyembamba vya kuanika, ndiyo michembe. (Vikichemshwa kwanza ndipo vikatwe na kuanikwa huitwa matobolwa, na msomaji wa Bariadi hatanisamehe nikivichanganya.) Viazi vilikatwa saa hiyo kwa sababu pamba haichumwi yenye umande. Ikiwekwa mbichi mfukoni hupata joto, huvunda na kubadilika rangi. Umande ukikauka, viazi vinaachwa, mifuko inachukuliwa. Ufagio unaita viazi, viazi vinangoja jua, jua linaita pamba. Kila kazi ikiisha ni kengele ya inayofuata, na katika mnyororo huo hakuna mahali ambapo mtu anasimama kujiuliza kama leo anajisikia.

Mahali na saa nimeyasema. Nilitaka sehemu ya watu ichukue aya moja, lakini jioni ile ngoma ililia.

Wasukuma wana vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu. Masimulizi huvirudisha karne ya 19, kwa waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha, kila mmoja na wafuasi wake. Mavuno yakiisha vyama hivi hushindana. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja lakini pande mbili, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Watazamaji wanapiga kura kwa miguu yao. Ndiyo maana utaona chatu na nyoka wengine mabegani, vinyago, vichekesho, chochote cha kumfanya mtu ahame upande. Na kuna bugobogobo, ngoma ya jembe, iliyotoka kwenye vikundi vya vijana waliolima kwa pamoja huku ngoma ikiwapa mwendo: jembe linapanda na pigo, linashuka na pigo. Frank Gunderson, mtaalamu wa muziki kutoka Marekani, alitoa mwaka 2010 kitabu kinene cha nyimbo za kazi za Wasukuma peke yake, na hakuzimaliza.

Uliza kwa nini kikundi fulani kimeshinda, utajibiwa: wana dawa. Dawa ya mvuto, ya kuchota watu kutoka upande wa pili. Jioni ile kijana mmoja wa heshima aliniambia hivyo kwa sauti ya chini, akimwonyesha kiongozi wa kikundi kwa kidevu. Nami nilikuwa nimekitazama kikundi hicho tangu saa kumi. Wachezaji wapatao ishirini walirusha majembe hewani na kuyadaka kwa pigo moja, na hakuna aliyegeuza shingo kumtazama mwenzake. Nikamuuliza kijana, hawa hufanya mazoezi lini? Akasema, kila jioni, tangu wakiwa watoto wa kuchunga, mahali palepale, chini ya mti uleule. Alinijibu yote niliyohitaji na bado akaamini dawa. Inaniuma kwamba kazi ya miaka kumi na tano ya vijana ishirini inapewa mzizi uliofungwa kwenye kitambaa. Wanafunzi wangu wanaonunua dawa ya kufaulu kabla ya mtihani wanafanya wizi uleule, na wanaoibiwa ni wao wenyewe: wakifaulu, sifa ya usiku wao wa kusoma inakwenda kwa mganga.

Kinachofanywa na ngoma kinapimika. Huko Oxford, Emma Cohen na wenzake waliwapima wapiga makasia wa timu ya chuo, wakiwa kwenye mashine za mazoezi, mara peke yao, mara wote kwa mwendo mmoja. Kazi ilikuwa ileile. Baada ya kuvuta pamoja walistahimili maumivu zaidi kuliko walipovuta peke yao. Walioanzisha bugobogobo hawakuwa na mashine, walikuwa na ekari za kulima kabla mvua haijapita, na walijua kwamba kijana ambaye peke yake angechoka saa nne, ndani ya mstari wenye ngoma atafika saa saba. Kijana wangu wa alama ukutani alikuwa analima peke yake.

Fildi ikaisha, binti akarudi chuoni na gunia dogo la michembe. Kuamka saa kumi na moja kulikufa ndani ya wiki mbili. Alikuja kwangu na ile huzuni ninayoijua, nikamuuliza: hosteli kwenu nani anafagia chini ya dirisha? Hakuna. Basi kilichokufa hakikuwa chake, kilikuwa cha uwanja ule.

Ila jambo moja lilibaki. Bariadi, kila siku baada ya chai ya jioni, alikuwa akiandika kwenye daftari: nani kasema nini, bei ya pamba, neno jipya la Kisukuma, kilo alizochuma. Chuoni pia hunywa chai jioni, kwenye kikombe kilekile cha bati alichopewa na mama mwenye nyumba. Kikombe kikiisha, mkono unatafuta kalamu. Hakuwa amelipanga hilo, na ndilo pekee lililovuka na basi kutoka Lamadi.

Alinionyesha daftari lenyewe mwezi wa pili, baada ya mitihani. Kurasa za Bariadi zimeingia vumbi jekundu kwenye mshono, za hosteli ni safi, na tarehe zinafuatana. Ila katikati zimekosekana siku tatu, wiki ya mitihani. Siku ya nne ameandika mstari mmoja, kwamba michembe imekwisha na amempigia mayu simu kumuuliza mwaka huu wamepanda lini.